Tathmini ya dumu la lita 20 la propilini glaikoli: anza na mfuniko

Kimiminika chenyewe ni kipole. Hakina rangi, karibu hakina harufu, na kinachanganyika na maji kwa kiwango chochote unachotaka. Ndiyo maana dumu la lita 20 la propilini glaikoli ya kiwango cha dawa utalikuta kwa watengeneza losheni na dawa za maji, kwa wanaoyeyusha rangi na ladha za chakula, kwa mafundi wa mitambo ya kupoza na kwenye maabara. Na upole huo ndio unaowafanya wengi wazembee.

Hapa tunalipima dumu hilo kama linavyouzwa kwa kawaida: dumu la plastiki ngumu, mfuniko wa kusokota wenye pete ya lakiri, lebo, na cheti cha uchambuzi cha bechi husika. Hatuipimi kampuni moja, tunapima aina ya bidhaa. Tunalipatia nyota nne kati ya tano. Iliyokatwa ni kwa sababu ya mfuniko, na kwa yale yanayotokea dumu likishafunguliwa.

Cheti ndicho nusu ya bidhaa

Usilipie dumu lisilo na cheti cha uchambuzi chenye namba ya bechi inayolingana na ile iliyochapwa kwenye dumu. Kwa kiwango cha USP (kanuni rasmi za ubora wa dawa za Marekani), cheti kionyeshe usafi usiopungua asilimia 99.5, maji yasiyozidi asilimia 0.2, na mistari miwili ambayo watu huiruka: ethilini glaikoli na diethilini glaikoli, ndugu zake wenye sumu, kila moja isizidi asilimia 0.10. Mistari hiyo miwili ikikosekana, hiyo ni karatasi tu, si cheti. Bidhaa ya viwandani inaweza kuwa safi kabisa kwa kazi ya kupoza mitambo, lakini bila mistari hiyo isikaribie chochote kinachomezwa au kupakwa mwilini.

Sababu yake imeandikwa kwa vifo. Mwaka 1937 nchini Marekani dawa ya maji iliyoyeyushwa kwa diethilini glaikoli iliua watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto 34, na mwaka uliofuata sheria ya dawa ya nchi hiyo ikabadilishwa. Mwaka 2022 watoto walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi huko Gambia na Indonesia baada ya kunywa dawa za maji zilizokuwa na glaikoli hizo mbili. Indonesia peke yake ilipoteza watoto zaidi ya 200, na uchunguzi ulifika mpaka kwenye mapipa yaliyobandikwa lebo ya propilini glaikoli huku ndani mna ethilini glaikoli.

Macho hayatofautishi vimiminika hivyo. Pua haitofautishi. Refraktomita, chombo kinachopima jinsi kimiminika kinavyopinda mwanga, nayo haisaidii, kwa sababu propilini glaikoli husoma 1.432 na ethilini glaikoli 1.431 hadi 1.432 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, yaani ni kama kusoma kitu kilekile. Kinachotofautiana ni uzito. Chukua chupa ya kipimo ya mililita 100, iweke kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha jaza mpaka kwenye mstari kimiminika kikiwa na nyuzi 20. Propilini glaikoli itakupa gramu 103.6 hivi. Ethilini glaikoli itakupa 111.3, na diethilini glaikoli karibu 111.8. Kwa dumu zima tofauti ni kilo 20.7 dhidi ya kilo 22.3.

Kipimo hiki humnasa aliyebadilisha kimiminika chote. Hakimnasi aliyechanganya kidogo: asilimia 10 ya ethilini glaikoli inapandisha usomaji hadi gramu 104.4 tu, na chupa isiyojazwa sawasawa inaweza kuficha tofauti hiyo. Na asilimia 10 ni mara mia ya kikomo. Kwa hiyo ukitengeneza dawa, chakula au vipodozi, sampuli ya kila dumu iende maabara yenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha na kupima kila kilichomo. Mizani ni ya kukataa dumu mlangoni, si ya kulipitisha.

Dumu ni zuri, mfuniko ni wa kulaumiwa

Plastiki ya dumu ni HDPE (polithini nzito), ile yenye namba 2 ndani ya pembetatu chini ya kitako. Ni chaguo sahihi. Glaikoli haiilainishi wala haiipasui, na ukuta wake hauachi unyevu upenye kwa kiasi cha kukusumbua. Stenlesi nayo inafaa, na kioo pia kwa ujazo mdogo. Usihamishie kwenye ndoo ya chuma cha kawaida, maana unyevu kidogo tu huleta kutu na kimiminika kinaanza kugeuka manjano. Vyombo na mabomba yaliyopakwa zinki yaache kabisa, hasa kama mmumunyo wako una kizuia kutu: zinki hula kile kizuia kutu na kuacha mashapo.

Sasa mfuniko. Dumu jipya lina pete inayokatika unapofungua mara ya kwanza, na ndani ya mfuniko mna gasketi nyembamba. Tatizo linaanza unapomimina. Dumu nyingi za ukubwa huu hazina tundu la pili la hewa, kwa hiyo ukiliinamisha mdomo ukiwa upande wa chini, kimiminika hutoka kwa kubwatabwata, hurukia nje ya faneli, na mabaki hushuka shingoni hadi kwenye nyuzi za mfuniko, yaani ile mistari ya kusokotea. Propilini glaikoli ina mnato wa kama mara 50 ya ule wa maji kwenye nyuzi 25, nayo haikauki upesi kama maji. Inabaki pale, inateleza. Ukirudisha mfuniko, nyuzi zinateleza kirahisi na mkono unadhani umekaza, kumbe gasketi haijabanwa.

Tiba ni mbili. Ya kwanza, lilaze dumu ubavu na umimine mdomo ukiwa upande wa juu, ili hewa iingie juu wakati kimiminika kinatoka chini yake. Mkondo unakuwa mwembamba na wa utulivu. Ya pili, kabla ya kufunga, futa shingo na nyuzi zote mbili, za dumu na za mfuniko, kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzinyuzi, ndipo ukaze. Atakayetoa mara nyingi anunue koki inayolingana na shingo ya dumu lake, yenye tundu la hewa linalofungika. Pampu ya mkono ni nzuri pia, lakini iwe ya kazi hii peke yake. Pampu iliyonyonya asetoni jana isiguse dumu hili leo.

Kwa nini tunaukomalia mfuniko? Kwa sababu dumu linapumua. Mchana hewa iliyo juu ya kimiminika hupata joto, hutanuka na kutoka kupitia mfuniko uliolegea. Usiku hupoa, nayo hewa ya nje huvutwa ndani pamoja na unyevu wake. Propilini glaikoli hunyonya unyevu huo na haiurudishi. Dumu lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa na hupumua kidogo. Lililobaki robo hupumua sana. Bidhaa iliyoingia ikiwa na maji chini ya asilimia 0.2 itavuka kikomo chake bila dalili yoyote ya kuonekana, na anayepima kwa ujazo atakuwa anaongeza maji asiyoyahesabu kwenye kila mmumunyo. Dumu likifika nusu, hamishia kilichobaki kwenye vyombo vidogo vya HDPE vilivyo vikavu kabisa, ujaze kila kimoja hadi asilimia 95. Usijaze mpaka mdomoni. Lita 20 zikipanda joto kwa nyuzi 20 hutanuka kwa karibu robo lita na zaidi kidogo, na lazima ziwe na pa kwenda.

Pa kuliweka

Chini ya nyuzi 40, mbali na jua la moja kwa moja, kwenye chumba chenye hewa. Joto na oksijeni huivunja glaikoli taratibu na kuzaa asidi, na harufu kali kidogo ukifungua ni ishara kwamba hilo limeanza. Baridi haiiharibu: haigandi kama maji, bali huwa nzito mpaka ikakataa kutoka kwenye koki. Iache dumu ndani ya chumba chenye joto usiku mmoja, usiiwekee moto.

Dumu lililojaa, lenye kilo 22 hivi, likae rafu ya chini kabisa, juu ya sinia la plastiki linaloweza kubeba asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote kilichomo, yaani lita 22 kwa dumu hili. Sinia ni rahisi kuliko kusafisha sakafu nzima.

Jambo ambalo halina mjadala ni majirani wa dumu. Propilini glaikoli haishiki moto kirahisi. Mvuke wake unahitaji kimiminika kifike karibu nyuzi 100 ndipo uwake. Lakini ikikutana na kioksidishaji kikali, yaani kemikali inayochochea moto, hali inabadilika. Permanganeti ya potasiamu, asidi ya nitriki na klorini ya unga ya mabwawa ya kuogelea zisikae rafu moja nayo, wala rafu ya juu yake. Klorini ya unga ikimwagikiwa na glaikoli inaweza kutulia kwa muda, kisha ikafuka na kulipuka kwa moto pasipo kiberiti. Ule utulivu wa mwanzo ndio unaodanganya watu wasogee kuangalia. Kwenye mitambo ya joto kuna hatari nyingine: glaikoli ikivuja na kulowesha sufi ya kukinga joto iliyozunguka bomba la moto, sufi hiyo inaweza kuwaka yenyewe. Sufi iliyolowa hung'olewa na kutupwa, haikaushwi mahali pake.

Ukishachanganya

Mmumunyo wa propilini glaikoli na maji hauna miujiza, ila una makosa yanayojirudia. La kwanza ni kutokoroga. Glaikoli ni nzito kuliko maji, kwa hiyo ukiimimina juu ya maji na kuondoka, inazama na kutanda kitakoni. Iangalie kupitia ukuta wa chombo cha kioo: utaona mistari inayopindapinda kama hewa juu ya jiko la mkaa. Mistari hiyo ikiwepo, juu una maji na chini una glaikoli, na sampuli utakayochota juu itakudanganya. Koroga mpaka mistari ipotee yote, kisha dakika tano zaidi.

Kwa lita 20 za mmumunyo wa asilimia 30 kwa ujazo, chukua lita 6 za glaikoli na lita 14 za maji. Huo huanza kuganda karibu nyuzi 13 chini ya sifuri. Asilimia 40 ni lita 8 kwa 12, na huanza kuganda karibu 21 chini ya sifuri. Nusu kwa nusu hufika karibu 33 chini ya sifuri. Ujazo wa mwisho utapungua kidogo kuliko jumla ya ulivyopima, hilo ni la kawaida. Kwa kazi inayohitaji usahihi pima kwa mizani: lita 8 za glaikoli ni kilo 8.29, na mizani haijali kimiminika kilichong'ang'ania ukutani mwa jagi.

Tumia maji yaliyoondolewa madini. Maji ya bomba yana kalsiamu na magnesiamu zinazoshikana na fosfati ya kizuia kutu na kutuama kama unga mweupe, na kloraidi inayokula chuma. Maji mabaya yanaharibu mmumunyo wa glaikoli bora.

Usiuache mmumunyo chini ya asilimia 20. Watu hufikiri kidogo ni salama zaidi, kumbe glaikoli hafifu ni chakula cha bakteria. Kuanzia asilimia 20 hadi 25 kwenda juu huwazuia kuzaliana. Chini ya hapo huwalisha. Utando unaoteleza ukutani mwa chombo, ukungu kwenye kimiminika na harufu ya uchachu ndizo dalili. Ukihitaji mmumunyo hafifu, changanya wa kutumika siku hiyo, au uweke kihifadhi kinachofaa kazi yako.

Kupima ukolezo, refraktomita ni chombo kizuri ilimradi iwe na skeli ya propilini glaikoli. Skeli ya ethilini glaikoli, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwenye vipimo vya rejeta za magari, itakupa namba ya uongo. Hidromita, ile inayoelea kupima uzito wa kimiminika, iache. Uzito wa mmumunyo hupanda hadi karibu asilimia 70, halafu huanza kushuka, hivyo usomaji mmoja unaweza kumaanisha kolezo mbili tofauti. Kwenye mitambo pima pia pH, kipimo cha uasidi: mmumunyo wenye kizuia kutu hukaa kati ya 8 na 10, na ukishuka chini ya 7 umeshageuka asidi, umwage kwa utaratibu na usafishe mfumo.

Lebo ya chombo cha mmumunyo iandikwe kabla ya kumimina, si baada. Iwe na jina kamili, ukolezo pamoja na neno "kwa ujazo" au "kwa uzito", bechi ya dumu ilikotoka, tarehe ya kuchanganya na hatari zake. Ifunike kwa selotepu pana inayoonyesha ndani, kwa sababu glaikoli ni kiyeyushi cha wino, na tone moja linaloshuka ubavuni huondoka na maandishi.

Na hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wasimame kidogo. Karatasi ya usalama ya dumu inazungumzia propilini glaikoli peke yake. Ukishayeyusha kitu ndani yake, hatari inakuwa ya kile ulichoyeyusha. Mmumunyo wa nikotini ndani ya glaikoli ni sumu inayopenya ngozi: glovu za nitrili, miwani ya kinga, kabati lenye kufuli, na glovu ikilowa inavuliwa papo hapo. Mmumunyo wenye ethanoli nyingi unawaka kama ethanoli na unahifadhiwa kama ethanoli. Viua wadudu, rangi na manukato mazito ni vivyo hivyo. Kuandika "PG" tu, kifupi cha propilini glaikoli, kwenye chupa ya namna hiyo ni kumtega mwenzako wa kesho.

Ikimwagika, ikigusa mwili

Sakafu kwanza. Glaikoli juu ya vigae huteleza kama sabuni na haionekani kwa sababu haina rangi. Zuia njia, mwaga mchanga mkavu au udongo wa kufyonza, zoa, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mara mbili. Mara moja haitoshi. Pitisha soli ya kiatu uone.

Usiisukumie kwenye mtaro wa mvua. Ni kweli inaoza haraka na haina sumu kali kwa samaki, lakini inapooza inakula oksijeni ya maji. Kilo moja huhitaji kilo 1.68 za oksijeni ili kuvunjika yote. Maji ya mto yenye miligramu 8 za oksijeni kwa lita yangetakiwa kutoa oksijeni yote iliyomo kwenye lita zaidi ya 200,000 kwa ajili ya lita moja tu ya glaikoli. Samaki hufa kwa kukosa pumzi, si kwa sumu.

Ikiingia jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 huku kope zimefunguliwa. Ngozi ioshe kwa maji na sabuni. Wachache hupata mwasho, na ngozi inayolowa kila siku hukauka, kwa hiyo glovu ni za kila siku hata kwa kimiminika hiki kipole. Kiasi kidogo kwenye chakula kinaruhusiwa nchi nyingi, ila kiasi kikubwa hulundika asidi ya lakitiki mwilini, na watoto wachanga pamoja na wenye figo au ini dhaifu ndio huumia mapema. Wenye paka wajue pia kwamba huharibu chembe nyekundu za damu yake. Marekani iliipiga marufuku kwenye chakula cha paka mwaka 1996.

Nani anunue dumu hili

Anayetumia lita 3 hadi 10 kwa mwezi atafaidi ukubwa huu: linaisha kabla ya kupumua sana, na mtu mmoja mwenye mgongo mzima analibeba. Pipa la kilo 215 ni la mwenye pampu, sinia kubwa na matumizi ya haraka. Ukilichukua kwa sababu ya unafuu kisha likakaa wazi mwaka mzima, unafuu umeishia hewani. Mwenye kutumia mililita chache anunue chupa ya lita moja iliyofungwa kiwandani, wala asikubali kupimiwa kutoka dumu la mtu mwingine, kwa sababu hapo namba ya bechi hupotea na cheti hakina tena cha kukishuhudia.

Fundi wa mitambo ya kupoza, ingawa tulimtaja mwanzoni kati ya wanaolitumia, asinunue dumu hili kabisa. Glaikoli safi haina kizuia kutu, na ndani ya mabomba, ikishachanganywa na maji, hula chuma kuliko hata maji matupu. Achukue kimiminika kilichokwisha kutiwa kizuia kutu na mtengenezaji, na chombo chake akiandike wazi kwamba si cha dawa wala chakula, hata kama rangi ya dumu inafanana.

Siku dumu linapofika, lipime uzito likiwa na lakiri, toa kilo moja hadi moja na robo za plastiki yake, andika namba utakayopata kwenye lebo pamoja na tarehe, chota mililita 50 za akiba kwenye chupa kavu yenye namba ya bechi, kisha futa nyuzi na ukaze mfuniko. Chupa hiyo ya akiba ibaki mpaka kila kitu kilichotengenezwa kwa dumu lile kiwe kimekwisha muda wake.